Filamu ya Mvua Iliyopanda Juu

Katika Kibwezi yote ya mwaka wa 1988, hakukuwa na filamu iliyoweza kunishinda kutafsiri.

Hata moja.

Najua kuna watu wazima watakaosoma hapa na kukohoa. Kohoeni. Hata ile filamu ambayo mvua ilitoka chini ikaenda juu, nyumba ikaota kwenye kiganja cha mtu kama kunde, na farasi akapita ndani ya korido bila yeyote kuuliza farasi ni wa nani, hata hiyo niliitafsiri. Mwanzo hadi mwisho. Kwa sauti.

Na mtu mzima akalia.

Tulieni niwape.

Jina langu Muli. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemaliza fomu four, division two, Kiingereza credit. Cheti kilikuwa kimetiwa fremu, kikatundikwa nyumbani juu kuliko picha ya harusi ya wazazi wangu. Siku za kazi nilikuwa natengeneza redio kwenye veranda ya duka la nguo. Jumamosi alasiri nilikuwa mkalimani wa video.

Video ilikuwa ya Kang'ethe. Huyu Kang'ethe alitoka Murang'a miaka ya sabini, akafungua hoteli kando ya barabara ya Mombasa, akaoa huku, akajifunza kula muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, mpaka akawa anatukosoa sisi wenyewe namna ya kuupika. Nyuma ya hoteli alikuwa na chumba. Madirisha aliyaziba kwa magunia, ndani akapanga mabenchi, televisheni moja na deki moja. Nje jenereta ikinguruma kama ng'ombe aliyevimbiwa.

Kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya televisheni na fimbo. Mzungu anasema, kisha Muli anasema.

Wasiojua kwetu wanielewe hapa. Kwetu ukalimani ni kazi ya kanisani. Mhubiri mgeni anatoa sentensi yake, mkalimani anaiweka kwa Kikamba, watu wanaitikia amina. Na kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika: mkalimani hakatizwi. Hata akikosea, unanyamaza mpaka amalize. Ukimkatiza yeye umemkatiza mhubiri, na ukimkatiza mhubiri, malizia mwenyewe umemkatiza nani.

Sheria hiyo ilihamia kwenye video pamoja na watu. Nikishika fimbo, hakuna wa kunipinga.

Mnaona hatari yake?

Mimi sikuiona. Niliona nafasi.

Nafasi yenyewe iliitwa Mutindi.

Mutindi alikuwa anafanya kazi kwenye zahanati, akimsaidia Sista Bilha. Nilikuwa nimemtengenezea redio mara tano. Ukweli ni kwamba iliharibika mara moja tu. Hizo nne nyingine, nilikuwa namrudishia nikiwa nimelegeza waya mmoja kidogo ili arudi.

Na mara zote tano sikuwahi kumwambia neno zaidi ya, "Betri huwa unazianika?"

"Naanika."

"Vizuri."

Basi. Mapenzi yetu yalikuwa yamefika hapo.

Halafu akatokea Nzioka. Nzioka alikuwa na pikapu, akipeleka karela na bilinganya Nairobi. Hakuwa na division yoyote, lakini pikapu haiulizi cheti. Alituma wazee kwa kina Mutindi. Wakaelewana kwamba msichana atoe jibu Jumapili baada ya ibada. Akikubali, mbuzi za ntheo zitaletwa. Na mbuzi za ntheo zikishaingia bomani, huyo ni mke wa mtu, hata kama bado analala kwao. Wewe fundi redio tafuta kwingine pa kulegeza waya.

Jumamosi, siku moja kabla ya jibu, Kang'ethe akapata kaseti mpya.

Kulikuwa na msafiri mmoja mzungu, gari lake lilikufa karibu na Makindu. Akalala gurudwara, hekalu la Masingasinga, siku tatu, akala dengu na chapati kama wasafiri wengine wote. Kang'ethe ndiye aliyelivuta gari mpaka kwa fundi, na kwa shukrani akapewa kaseti. Kwenye jalada palikuwa na picha ya chombo cha angani kinachofanana na kibuyu cha kioo. Herufi zilikuwa za ajabu, nyingine zimegeuka zikatazama nyuma.

"Hapa wameandika nini?" Kang'ethe akaniuliza.

"Huo ni mtindo tu. Filamu za sayansi huandikwa hivyo."

"Sawa, mwalimu."

Akabandika tangazo mlangoni: FILAMU YA SAYANSI. SAFARI YA MBINGUNI. MKALIMANI NI MULI.

Hilo neno mbinguni ndilo lililojaza chumba. Mzee Mwangangi, mzee wa kanisa, alitumwa aje akague kama ni mbingu ile yenyewe. Mama Ndila, mamake Mutindi, alikuja na kiondo chake akisuka. Mutindi akaja na Sista Bilha. Nzioka akaja kwa sababu Mutindi amekuja, akakaa mbele, funguo za pikapu akizichezesha kidoleni ili tusisahau.

Sista Bilha inabidi mumjue. Mtu wa Nyeri, mkunga, sista wa hospitali si wa kanisa, alikuwa amezalisha nusu ya Kibwezi na kuikaripia nusu ile nyingine. Hata siku aliyomzika mumewe hakuna aliyemwona akitoa chozi. Alikuwa amesomea ng'ambo. Ng'ambo gani? Hatukuuliza. Sisi tulijua ng'ambo ni moja, ina malkia.

Alikaa karibu na mlango na sufu zake za kufuma.

Kang'ethe akawasha.

Kwanza ulikuja mchanga. Mchanga mtupu, lakini unapumua, unapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Ukapumua dakika tatu nzima.

"Muli," akasema Mzee Mwangangi, "wanasema nini?"

"Bado, mzee. Wanapumua."

Kisha kile kibuyu cha kioo kikashuka. Akatoka mwanamume mwenye suti nyeupe, akatutazama moja kwa moja machoni, akafungua mdomo, akasema.

Wadau, hakikuwa Kiingereza.

Nikasubiri sentensi ya pili, labda jamaa alikuwa na mafua. Ikaja. Hakikuwa Kiingereza. Ikaja ya tatu, ndefu, imejaa sh na zh kama mtu anayefukuza kuku kwa heshima.

Jasho likaanza safari kutoka shingoni.

"Kwani hicho ni Kiingereza?" Kang'ethe akauliza.

Watu hamsini wakanigeukia. Mutindi mmoja wao.

"Ni Kiingereza cha ndani," nikasema. "Cha wanasayansi. Hao ni watu wa Scotland."

"Ni kweli!" Mzee Mwangangi akadakia. "Bwana mkubwa wangu kwenye mkonge alikuwa wa Scotland. Miaka tisa sikumwelewa hata neno. Alikuwa anasema hivyo hivyo, kama mtu anayetafuna kokoto."

Mungu ambariki mzee yule popote alipo. Nikainua fimbo.

"Anasema: nimetoka mbali."

"Amina," mzee akaitikia kwa mazoea.

Kuanzia hapo nikawa najisemea tu. Lakini tatizo halikuwa maneno. Tatizo lilikuwa yale tuliyokuwa tunaona.

Mvua ikaanza kutoka ardhini. Matone yanang'oka moja moja, yanapanda, yanajazana mawinguni.

Kisha Mama Ndila akaacha kusuka.

"Woi! Kumbe ndiyo sababu haitufikii. Inapanda!"

"Tangu lini?" mtu wa nyuma akauliza.

"Tangu themanini na nne," akajibu mwingine. "Mimi niliiona ikiondoka."

Mwanamume wa suti nyeupe akachukua mbegu, akaiweka kiganjani. Ikaota nyumba. Kwanza mlango, halafu ukuta, halafu paa na moshi tayari unatoka.

"Muli, uliza hiyo mbegu inahitaji maji mangapi," akasema Mzee Mwangangi.

"Mzee, hawatusikii."

"Wewe uliza tu."

Farasi akapita. Jamaa wa suti nyeupe akawa wawili. Mmoja wao akazeeka akiwa anafunga kifungo cha shati: kifungo cha kwanza kijana, cha mwisho babu. Kijana mmoja akalalamika kwamba nusu saa imepita na hakuna aliyepigwa hata kofi. Kang'ethe akamwambia atulie, sayansi haina haraka.

Ndipo akatokea mwanamke wa nguo za kijani.

Alikuwa amekaa dirishani anachana nywele, na kila akichana, nyota ndogo zinadondoka sakafuni. Nani angeweza kumtazama mwanamke huyo akakaa na akili yake? Pembeni, kwenye kona yenye giza, alikuwa amekaa jamaa mmoja mfupi, kimya, ameshika kisanduku chenye taa.

Kisanduku. Taa. Kimya.

Nikamtazama Mutindi. Nikamtazama Nzioka na funguo zake.

Shetani akanipa maikrofoni.

"Huyu mwenye suti nyeupe," nikatangaza, "amekuja na chombo chake kumwoa huyu dada. Lakini yule pale wa kisanduku, anaitwa fundi wa redio, amempenda dada tangu zamani. Ni kwamba hajasema."

"Mbona hasemi?" akauliza Mama Ndila.

"Ni mpole, mama. Amesoma."

"Mpole wa nini? Atakaa kwenye kona mpaka lini?"

Mutindi alikuwa anatazama televisheni bila kupepesa. Nikajipa moyo. Kila mwanamke yule alipofungua mdomo, nilimpa maneno. Nikamfanya aseme chombo kinang'aa lakini ndani ni upepo. Nikamfanya aseme moyo haupakiwi kwenye magunia pamoja na karela.

"Karela?" Nzioka akageuka. "Huko juu kuna karela?"

"Ni mboga ya huko. Nimetafuta neno la karibu."

"Nzioka, usimkatize mkalimani," Mzee Mwangangi akamkemea.

Mnaona? Sheria ilikuwa upande wangu.

Ikafika ile sehemu ambayo sitaisahau. Maji yameingia ndani ya nyumba, yamefika magotini, na samaki wadogo wa dhahabu wanapita chini ya meza. Mwanamke wa kijani amesimama ndani yake, anasema polepole, sauti inapanda na kushuka, karibu aimbe. Nikaona hii ndiyo. Nikaweka mkono kifuani.

"Anasema: kesho nitaulizwa jibu. Sitawapa wenye vyombo. Mwenye chombo leo yuko hapa, kesho yuko Nairobi. Jibu langu ni la yule asiyesema. Nimemngoja. Mara tano nimemngoja."

Jenereta ni kama ilishusha sauti.

Na hapo nikasikia mtu anavuta kamasi.

Sista Bilha. Sufu zimeanguka miguuni, mikono imelala mapajani, na machozi yanateremka bila hata kuyapangusa. Mwanamke ambaye hakulia kaburini alikuwa analia kwenye video ya Kang'ethe.

Watu wakageuka kumwona, kisha wakanigeukia mimi kwa heshima niliyokuwa nimeiona ikipewa maaskofu peke yao.

Nikajiambia, Muli, umeua. Kama umeliza jiwe, Mutindi ni nani?

Filamu ikaisha ghafla. Mchanga ukapumua mara moja, ukaacha. Hakuna harusi, hakuna msiba, hakuna aliyerudi nyumbani.

"Imekatika?" akauliza Kang'ethe.

"Imeisha," nikasema.

"Alimchukua nani?"

"Fundi wa redio."

"Tumeona wapi?"

"Hayo huwa hawaonyeshi. Ni adabu."

Mama Ndila akamgeukia binti yake, akamwambia kwa sauti ambayo haikukusudiwa kuwa siri, "Umesikia lakini mambo ya vyombo?" Nzioka akaacha kuchezesha funguo. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama mlango wa choo siku ya upepo.

Sista Bilha akasimama. Akapangusa uso kwa kitambaa. Nami kwa kujiona nikamwambia, "Pole, Sista. Naona maneno yamekuingia."

"Umemaliza, Muli?"

"Nimemaliza."

"Umemaliza kabisa? Sitaki kumkatiza mkalimani."

"Kabisa, Sista."

Akavuta pumzi, akasema sentensi moja ndefu. Sh, zh, ikapanda, ikashuka.

Kang'ethe akainama haraka kutazama deki, akidhani kaseti imejiwasha. Mzee Mwangangi akainuka nusu kwenye benchi.

"Sista," akasema, "kumbe wewe ulikuwa Scotland?"

"Nilikuwa Kiev, mzee. Miaka sita. Hiki ni Kirusi."

Mimi nikashika fimbo kwa mikono miwili.

Sista akaongea bila hasira, na hilo ndilo baya zaidi. Alisema aliporudi nchini mwaka wa sitini na nane, karatasi yake ya nchi ya Wakomunisti ilitazamwa kama amebeba bomu. Akarudishwa darasani na wasichana wadogo kujifunza upya kumzalisha mtu, yeye aliyekuwa amezalisha mia. Akajifunza kusema "ng'ambo" na kuishia hapo. London tuliiweka sisi.

"Miaka ishirini sijaisikia lugha hii," akasema. "Ule wimbo wa kwenye maji ni wa kumlaza mtoto. Mwenye nyumba wangu alikuwa akiuimba kila jioni ya baridi, na mimi peke yangu kule, msichana, simjui mtu. Leo nausikia Kibwezi. Na wewe, Muli, umeufunika kwa habari za karela."

Hakuna aliyecheka. Bado.

"Kwa hivyo yule dada hakuwa anachagua bwana?" Mama Ndila akauliza.

"Yule mwenye nguo za kijani ni nyanya yake huyo wa suti nyeupe, enzi za usichana wake."

"Nyanyake!"

"Na wa kisanduku?" akauliza Nzioka, akianza kuchangamka.

"Huyo ni marehemu. Alikufa kabla filamu haijaanza."

Mzee Mwangangi akanitazama muda mrefu sana. "Kijana," akasema, "alasiri nzima umemposea maiti nyanya ya watu, na mimi nikaitikia amina."

Hapo ndipo walipocheka. Walicheka mpaka gunia la dirisha la kwanza likaanguka. Nzioka alicheka akampa mtu funguo amshikie.

"Na ile mvua, Sista?" Kang'ethe akauliza, akipangusa macho. "Kwa nini inapanda?"

Sista Bilha akafikiri. "Sijui," akasema. "Nimeelewa kila neno, na filamu yenyewe sijaielewa hata kidogo. Irudishe mwanzo, Kang'ethe. Safari hii tusitafsiriwe na mtu."

Hakuna aliyetoka. Kang'ethe akazima televisheni, akaanza kurudisha kaseti, na deki ikawa inalia kwa mbali.

Mutindi akasimama.

Wadau, acheni nitoe somo langu hapa hapa, kwa sababu nikifika mwisho sitakuwa na sura ya kumfundisha mtu. Tuliitazama mara ya pili, kimya, na ilikuwa nzuri kuliko niliyoisimulia mimi. Mbuzi za ntheo zilifika kwa kina Mutindi wiki iliyofuata, nne, za kuchagua, na hakuna hata moja iliyotoka kwetu. Kwa hivyo nawaambia vijana: neno lako ukilitia kinywani mwa mtu mwingine, hata likipendwa, si wewe umependwa. Liseme mwenyewe, hata kama litatoka limekunjamana.

Haya. Mutindi alisimama.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?" nikauliza, sauti imebaki nusu.

"Yule mwanamke alikuwa amefunga mdomo, Muli, na wewe bado unasema. Mara tatu. Na nani huko juu anajua nimekuja na redio mara tano?"

Mama yake akaweka kiondo chini.

"Jibu ni kesho," Mutindi akaendelea, polepole, hata hakunidhihaki. "Leo bado. Kama kuna mtu ana neno, mimi ndiye huyu, na yeye ndiye huyo. Aseme kwa mdomo wake."

Chumba kizima kikangoja. Nzioka naye akangoja, na nitamheshimu kwa hilo mpaka kufa. Sista Bilha akanitikisia kichwa, kama vile hufanya kwa mama aliyekaribia kujifungua: haya, sasa.

Nikafungua mdomo.

Mimi, Muli, division two, niliyekuwa nimesema saa mbili bila kumeza mate. Nikatafuta neno moja tu, langu. Nikatafuta kwa Kiswahili, kwa Kikamba, kwa Kiingereza cha credit.

Kisha, sijui kwa nini, nikageuka nikaitazama televisheni.

"Muli," akasema Mama Ndila, "hiyo imezimwa."